Niliahidi mkesha wa Pasaka kuacha lumbesa, wiki ya tatu nimerudia

BARUA

Tumsifu Yesu Kristo dada mshauri. Naomba usinitaje jina maana huku kwetu wote tunajuana. Mi ni mwanaume wa miaka 41, nina mke na watoto watatu, naishi mkoa wa Njombe, kazi yangu ni kununua viazi mviringo kwa wakulima vijijini na kupeleka Dar. Nilianza kama kijana wa kushona magunia, sa hivi ni mwaka wa tisa nanunua mwenyewe kwa kushirikiana na shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Kwa asiyeijua hii kazi, mkulima tunamlipa kwa gunia, sio kwa kilo. Gunia linajazwa mpaka mdomoni halafu unasuka kamba juu yake unaongeza viazi vingine mpaka linaota kichwa kama mtu aliyevaa kilemba, ndo lumbesa hiyo. Linaitwa la kilo 100 ila ukilipandisha kwenye mizani linasoma 130, 140, na kuna siku nimeona likapita hapo. Mkulima analipwa gunia moja. Na sio mkulima tu, lori tunalipa kwa gunia, ushuru kwa gunia, kuli kwa gunia, kwa hiyo kichwa kikiwa kikubwa ndo faida yako ilipo, na ukipeleka Dar gunia lisilo na kichwa mteja analizunguka mara moja anaondoka zake.

Miaka yote sikuwahi kuona shida, niseme ukweli. Kanisani nakwenda, jumuiya nahudhuria, mchango natoa. Kwaresima ya mwaka huu ndo nilianza kusikia kitu, sijui kwa nini mwaka huu na sio mingine. Halafu ukafika mkesha wa Pasaka. Taa zimezimwa, moto umewashwa nje, Mshumaa wa Pasaka umeingia, tunawashiana mishumaa mtu na jirani yake. Jirani yangu usiku ule alikuwa mama mmoja mjane, umri wake sitini na kitu, nanunua viazi vyake mwaka wa sita huu. Akaniwashia mshumaa. Upepo wa mlangoni ukauzima, akanigeukia akaniwashia tena na safari hii akaukinga na kiganja chake mpaka ukashika vizuri. Kwa ule mwanga nikaona kidole gumba chake, kimepasuka pasuka na udongo umeingia kwenye nyufa, ule udongo ambao hata ukisugua na sabuni hautoki. Padri akaanza kuuliza kama tunamkataa shetani na mambo yake yote, watu wanaitikia kwa nguvu, mi sauti haikutoka. Nikaahidi moyoni, nikamwambia Mungu viazi vya lumbesa basi.

Wiki ya kwanza nikaazima mizani, nikanunua kwa kilo na kila gunia likaishia 100. Wakulima walifurahi mno, mmoja alikuja kupima gunia lake mara mbili hakuamini. Ila Dar wateja wetu wakataka bei ya chini kwa sababu gunia ni dogo, na lori tukalilipa vilevile. Safari ya pili hivyo hivyo, magunia 80, tukatoka na hasara ya laki tano na kitu. Shemeji akanipigia akaniambia maneno mazito, baadaye akatuma meseji, "Pasaka imeisha shemeji, tufanye kazi." Na yeye ni mzee wa kanisa kwao, sio mpagani. Sehemu kubwa ya mtaji ni yake, milioni 8 za kiinua mgongo chake.

Safari ya tatu ndo inaniua. Mvua inanyesha, lori linasubiri, dereva anapiga honi anaogopa tope, vijana wameshika sindano na kamba wananiangalia. Sikusema neno dada, nilitikisa kichwa tu, wakaanza kusuka. Na kijiji kilikuwa cha yule mama. Gunia zake 12 zilikuwemo, amesimama na khanga kichwani kwenye manyunyu anahesabu, kila likipanda kwenye lori anaweka kiazi kidogo pembeni ya mguu wake. Nikamlipa elfu sitini kwa gunia, akasema asante baba Mungu akubariki.

Toka siku hiyo sijapokea komunyo. Watu wakisimama kwenda mbele mi nabaki nimeinamia kiti. Mke wangu yuko katikati, anasema nikigombana na kaka yake mtaji unaondoka na mkubwa wetu yuko kidato cha tatu, ada itatoka wapi, halafu usiku ananiuliza mbona silali. Naomba unisaidie. Nitoke kwenye hii biashara? Niende kwa yule mama nimwambie kuwa namwibia miaka yote? Nimrudishie? Na wengine je? Au ile ahadi ilikuwa ni hisia za mkesha tu na mimi ni mnafiki kama wanafiki wengine?

Baba Watatu, Njombe

JIBU

Milele amina kaka yangu. Barua yako nimeisoma asubuhi nikaiacha, nikairudia jioni, na kila mara nilikwama palepale kwenye kile kiganja kinakinga mshumaa. Asante kwa kuandika bila kujipaka mafuta, maana ungeweza kuniambia habari za hasara na shemeji mkali ukaacha ile ya kutikisa kichwa nisingejua.

Nikikusikia vizuri shida zako ni mbili zimefungwa kwenye kamba moja. Ya kwanza ni ya biashara, namna unayopata riziki imejengwa juu ya kilo ambazo hazilipwi, na ukijaribu kuzilipa peke yako wenzako wote kwenye mnyororo ule hawakusogei hata kidogo. Ya pili ni yako na Mungu wako na yule mama, kwamba ulisema kitu usiku ule kisha ukakivunja mbele ya mtu yuleyule. Nadhani zinakuelemea kwa sababu unataka kuzitatua kwa siku moja.

Nianze na hiyo ya unafiki maana ndo inakunyima usingizi. Unasema labda ilikuwa hisia za mkesha tu. Mi nakuuliza, hisia zinaazima mizani? Hisia zinakubali hasara ya laki tano na bado zinapakia safari nyingine? Ulifanya safari mbili za haki katika kazi ambayo kwa miaka tisa hukuwahi kufanya hata moja. Ya tatu ulianguka, ndiyo, na sitaki kuipunguza, mama wa watu alinyeshewa akihesabu. Ila mtu asiyejali asingekumbuka viazi vidogo pembeni ya mguu.

Na tunalisahau sana hili, Kanisa halikutupa Pasaka ya siku moja. Kwaresima ni siku 40, ila kipindi cha Pasaka kinakwenda siku 50 mpaka Pentekoste, kirefu kuliko mfungo wenyewe. Sisi tunafunga kwa bidii halafu Jumatatu ya Pasaka tunakula pilau na mambo yameisha, kama shemeji alivyokuandikia. Kumbe angalia wale wa kwanza. Petro ameshaliona kaburi tupu, ameshamwona Bwana, na bado kwenye Yohana sura ya 21 anawaambia wenzake anakwenda kuvua, wanakesha hawapati kitu. Asubuhi Yesu yuko ufukweni amewasha moto wa makaa, samaki yuko juu na mkate, anawaita waje kula. Na Yohana ametaja moto wa makaa mahali pengine pia, sura ya 18, pale uani Petro alipokuwa anaota moto akamkana. Sijui kama Petro alisikia harufu ile ile akashtuka, mi nadhani alishtuka. Aliulizwa mara tatu kama anapenda, akapewa kazi ya kulisha. Nakukumbusha hayo kwa sababu wewe umejihukumu kukaa kwenye kiti wakati wenzako wanakwenda mezani, na sidhani kama ni wewe wa kutoa hukumu hiyo. Nenda kwa padri, kaa naye kwenye kitubio, mweleze hivi hivi ulivyonieleza mimi pamoja na ugumu wa kesho, kwamba lori litakuja tena na huna hakika utafanya nini. Suala la komunyo ni la kuzungumza na yeye, mi nisingependa ulibebe peke yako wiki baada ya wiki.

Sasa yule mama. Unaandika kama vile hajui, kwamba ukienda utampa habari mpya. Hebu fikiria kaka, nani anayejaza lile gunia? Viazi kachimba yeye, kavibeba kichwani, kasimama pale anaona kamba inasukwa. Mi utotoni nilikuwa natumwa maharage dukani, kopo la kupimia kitako chake kimebonyezwa kwa ndani, na bibi yangu alikuwa ananiambia niende kwa mwingine ambaye kopo lake zima hata kama ni mbali. Tulikuwa tunajua wote, na mwenye duka alijua kwamba tunajua, ila hakuna aliyesema. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mama yule anazijua zile kilo kuliko wewe, na usiku ule alikuwashia mshumaa akiwa anajua. Sisemi hili ili likuumize zaidi. Nasema kwa sababu linabadilisha maana ya kwenda kwake. Ukienda kama mtu wa kufichua siri utamwelemea, atabaki anakufariji wewe, atakuambia baba usijali yameisha kwa sababu adabu yake haimruhusu kusema vingine na pia msimu ujao anahitaji mnunuzi. Ukienda kama mtu wa kusema kwa mdomo kile ambacho wote wawili mmekuwa mnakijua, hapo labda na yeye atapata nafasi ya kusema lake, na jiandae kwamba lake linaweza lisiwe tamu.

Kurudisha je? Zakayo kwenye Luka 19 alijitolea nusu ya mali kwa maskini na mara nne kwa aliowadhulumu, kwa hiyo wazo lako sio geni kwenye imani yetu. Naamini una daftari. Tukichukua safari hii moja tu, gunia 12, tuseme kila moja lilizidi kilo 30, ni kilo 360, kwa bei mliyolipa ya elfu sitini kwa kilo 100 ni laki mbili na elfu kumi na sita. Hiyo sio hela ya kutisha, mtu anaweza kuipata kwa miezi miwili mitatu. Ukipiga miaka sita, na vijiji vyote, hapo utaona giza, na mtu akiona giza anaacha yote, hata lile dogo aliloliweza. Kuna wanaoanza na mmoja. Kuna wanaosema nitarudisha kwa kuwapimia haki wote kuanzia sasa, ila njia hiyo nayo ina mtego wake, ukikosa safari moja unakuwa hujarudisha kitu. Na ukimpa mama mmoja hela kijijini itajulikana kabla hujawasha pikipiki, wengine watakuja na wana haki ya kuja. Je uko tayari kwa hilo, na mke wako yuko tayari? Maana hela hiyo inatoka kwenye kapu lenu wote, sio lako peke yako.

Nije kwenye biashara yenyewe, na hapa naomba tuongee kama wafanyabiashara. Unaniuliza utoke au ubaki, kama vile milango ni miwili tu. Zakayo aliahidi kurudisha, ila ukisoma Luka hakuna mahali pameandikwa aliacha kazi ya ushuru, wala hakuna palipoandikwa aliendelea, wametuachia wazi hivyo. Tuangalie magunia 80. Yakizidi kilo 35 kila moja ni kilo 2,800, gunia 28 za viazi mlizokuwa mnapewa na wakulima bure kila safari, mkazisafirisha bila kulipia nauli wala ushuru. Hapo ndo ada imekuwa inatoka kaka, na ndo maana hasara ilikuja mara moja ulipozilipa. Swali langu kwako na kwa shemeji ni kama kuna namna ya kupata faida bila hizo 28, hata kama ni faida ndogo.

Nimesikia wengine wanakodi lori zima badala ya kulipa kwa gunia, hapo idadi ya magunia haiwaumizi tena, ila lazima ulijaze, na kama mtaji hautoshi unatafuta mwenzako mmoja au wawili wa kuchangia, na wenzako wawe wanaoelewa kilo. Wengine wanatafuta wateja wanaonunua kwa kilo, shule za bweni, hoteli, watu wa chipsi wenye vibanda vikubwa. Hawa hawajali kilemba, shida yao ni kwamba wanapenda kulipa baada ya wiki tatu na wewe mkulima anataka hela yake mkononi.

Kuna njia ya katikati ambayo najua itakujia kichwani kama haijakujia, kwamba umlipe mkulima kwa kilo zote halafu ufunge lumbesa kama wengine ili uende sawa na soko. Mkulima hapo amepona, na hilo sio dogo hata kidogo. Ila kuna kijana anayebeba kilo 140 mgongoni kwa malipo ya 100, na kuna ushuru, na sheria ya vipimo ya Tanzania inataka gunia lisizidi kilo 100, Wakala wa Vipimo wakikukamata hawataki kujua ulimlipa nani vizuri. Mtu mwingine angeiona ni hatua ya kwanza ya kutoka. Mwingine angekaa hapo miaka kumi kwa sababu dhamiri imepoa. Wewe unajijua upande gani unaelekea, mi sikujui kiasi hicho.

Na halafu kuna hili la upweke. Uliahidi peke yako kwenye giza la kanisa, ukaenda sokoni peke yako, ukaanguka mbele ya vijana wanaokuangalia. Kwenye jumuiya yenu hakuna wakulima? Nina hakika wapo, tena labda ni wengi kuliko wanunuzi. Wakulima wakiwa na mizani yao kwenye kituo kimoja cha kuuzia, kupitia AMCOS, yaani chama chao cha ushirika cha kuuza mazao, au hata kikundi chao tu, kila mnunuzi anayefika anaikuta mizani iko pale, sio wewe tena unayeonekana mjinga kwenye mnyororo. Nakuonya tu kwamba inachukua misimu, na mtu mwenye mtoto aliyerudishwa ada hasubiri kituo kifunguliwe, atauza usiku kwa wa lumbesa, na usimlaumu. Na kama wewe ndo utakuwa wa kwanza kulileta hilo kwenye jumuiya, utaulizwa mbele ya watu, mbona na wewe ulikuwa unafunga hivyo hivyo? Itabidi uwe na jibu lako.

Kuhusu shemeji, nimemhurumia kidogo, sijui kama utanielewa. Milioni 8 za kiinua mgongo ni maisha ya mtu, hapati tena nyingine. Aliona hasara ya safari ya pili bila kushirikishwa kwenye ile ahadi. Ulimwambia nini hasa kabla ya kuanza kupima? Kwenye barua yako sijaona mahali mlipokaa wawili, naona simu na meseji tu. Yawezekana mkikaa atakuambia yale yale, na hapo itabidi mzungumze namna ya kutenganisha mtaji taratibu, kwa maandishi, bila mke wako kufanywa daraja la kupitishia maneno. Au atakuambia na yeye kuna kitu kinamsumbua. Mzee wa kanisa anayeandika Pasaka imeisha huenda anakichoka kitu ambacho hajakisema. Nasema huenda. Ukikaa naye nenda na daftari, mwonyeshe zile gunia 28 kwa maandishi, maana watu wengi kwenye kazi hii hawajawahi kukaa wakazihesabu.

Na mke wako ukimrudia jioni usimwulize kama anaunga mkono, mwulize anaogopa nini hasa, ada ya muhula upi, kiasi gani. Hofu ya ada ni kubwa sana kama haina namba, ukiipa namba mnaweza kuona kama kwa faida ndogo mnafika au hamfiki. Kama hamfiki basi mnajua hivyo mkiwa wawili.

Sijakuambia uende au usiende, utoke au ubaki, kwa sababu wewe ndo utakayesimama kwenye tope lile lori linapopiga honi. Niandikie tena, hata kama safari ya nne nayo imeharibika, niandikie hivyo hivyo. Na ukiamua kwenda kwa yule mama nenda asubuhi mapema kabla hajatoka kwenda shambani, mke wako ajue umekwenda, na siku hiyo usinunue viazi.